Udongo Mtamu wa Ziwa Mbitu

"Maji husahau, tope halisahau." Mmeniuliza, wajukuu zangu, usemi huu ulizaliwa wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika mji uliolizunguka ziwa dogo la Mbitu alikuwapo mwanamke aitwaye Nyamizi, mwenye mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja. Kama wajawazito wengi, alishikwa na hamu ya udongo. Alinunua kwa Bi Kabula, aliyechimba vichuguuni, na ambaye hakumuuzia mtu kabla hajaonja mwenyewe mbele yake.

Mwaka huo wa ukame ziwa lilirudi nyuma, likaacha tope laini kama unga. Bi Kabula akaona vichuguu vya nini tena? Akalichota, akalikausha, akalikata vipande.

Nyamizi alikula, akataka zaidi. Usingizi ukamkimbia, tumbo likamsokota. Asubuhi moja akaenda ziwani kuchota mwenyewe. Palikuwa kimya. Hapakuwa na chura wala nzi. Bata mmoja alikuwa akizunguka pale pale, shingo imepinda, kana kwamba anaitwa na mtu aliye chini ya tope.

Akakimbilia sokoni.

"Bi Kabula, udongo gani huu una utamu wa sukari?"

"Mwanangu, wenzio hulalamikia uchungu, wewe walalamikia utamu! Mimba hiyo ina deko."

"Pale ziwani si ndipo kiwanda cha betri kilipokuwa kikimwaga taka zake zenye sumu ya risasi?"

"Kilifungwa kabla hujavunja ungo. Yatazame maji, hata vidole vya miguu unaviona. Yameshasahau."

Akaokota kipande aonje. Kiganja kikamlegea, kikaning'inia kama jani lililonyauka, kipande kikaanguka. Akacheka kuficha aibu, na hapo Nyamizi akauona ufizi wake: mstari wa buluu umepita chini ya meno yote, kama uzi wa mshonaji.

Nyamizi hakuonja tena. Bi Kabula hakuiona masika.

Mtoto alizaliwa, akalia, watu wakapiga vigelegele. Nyamizi alingoja meno. Jino la kwanza lilipochomoza, aliinua mdomo wa mwanawe kwa kidole. Ufizi ulikuwa mwekundu, safi. Kwa furaha akarudi nyuma hatua chache, akamwita kwa jina.

Mtoto hakugeuka.

Akamwita tena, kwa sauti ya kuamsha jirani. Mtoto alikuwa akitazama chini, akitabasamu, kama anayeitwa kutoka huko.

Maji husahau, wajukuu zangu. Tope halisahau.