Ngozi ya Jani la Jimbi

Sogeeni karibu, kisa hiki hakisimuliwi wanaosinzia.

Mbodze, aliyelima majimbi bondeni, alichoka kuloweshwa na mvua. Zimwi la kijito likamwambia, "Nitakupa ngozi ya jani la jimbi. Hakuna maji yatakayokushika tena." Akakubali. Tangu hapo, matone yakimpiga yalitandaa, yakajikusanya kama shanga, yakaruka. Naye akacheka.

Kisha mama yake akawa mahututi. Kwao, mzazi anayekufa humpulizia mwanawe maji kifuani kwa kinywa chake. Yakishika, baraka zimeshika. Mama akapuliza, yakaruka. Akapuliza tena, yakaruka. Akapuliza funda la mwisho.

"Yameshika, mwanangu?" akauliza, macho yameshaingia giza.

"Yameshika, mama," Mbodze akajibu, machozi yakidunda mashavuni.

Mama akatabasamu, akakata roho. Baraka zote zikanywewa na udongo wa sakafu.