Kilichovuja ni cha Wote

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijaisha mpaka leo, katikati ya bahari kuu palikuwa na maji ya buluu tupu. Wapita njia huisifu sana buluu ile. Wakaao ndani yake hawaisifu. Maji yale hung'aa kama sahani iliyooshwa, na sahani iliyooshwa hung'aa kwa sababu haina chakula.

Humo waliishi viumbe wadogo, wadogo hata tone moja la maji kwao lilikuwa mji. Maji yalikuwa mengi, jua lilikuwa jingi, na njaa ilivishinda vyote viwili. Naitrojeni haba. Fosforasi haba. Chuma ndiyo usiseme: kilikuja na vumbi la jangwani, upepo ukipenda, na upepo haukuwa na ratiba.

Ngozi za wakazi wale zilikuwa zinavuja, kila mtu na ya kwake. Ndiyo maana mji ulikuwa na sheria moja tu: kilichovuja ni cha wote. Kikishatoka mwilini mwako, huna mdomo.

Sasa, mtaani hapo alikuwapo Mshipi. Mshipi alikuwa msomi. Usicheke. Ujuzi wa viumbe wale huandikwa kwenye uzi uliokunjwa tumboni, na kila fundo la uzi hutaka fosforasi. Mshipi alikuwa na uzi mrefu kuliko wote. Alijua kusuka ndoano za kunasia chuma. Alijua kuivunja sumu ambayo jua huipika majini kila adhuhuri. Alijua kula sukari za kila namna, nyingi kati ya hizo hazijawahi hata kupita mtaa ule. Yote hayo aliyabeba na kuyalisha, akingoja siku yatakapohitajika. Walimwambia elimu haiozi. Kweli, haikuoza. Ilikula tu.

Jirani yake alikuwa Kapungua. Mama yake Kapungua alikata uzi wake njaa ilipobana, na Kapungua akaendelea pale pale mama alipoishia. Akakata ujuzi huu, akakata ule. Wa kuvunja sumu nao aliukata, maana Mshipi si yupo? Hata ngozi yake aliijenga kwa mafuta ya salfa, ambayo bahari inayo tele, fosforasi akawaachia wengine. Akabaki kadogo, na kazi moja: kunywa jua na kupika sukari. Sukari ikamvuja. Mshipi akaila.

"Dada, hiyo sukari yangu," Kapungua aliwahi kumwambia.

"Kilichovuja ni cha wote, shoga," Mshipi alijibu, huku analamba. "Kama inakuuma, ziba."

"Nitazibaje? Ujuzi wa kuziba nilishautupa."

"Basi pole."

Wa tatu alikuwa Bi Mkufu. Huyu hakuwa mmoja, alikuwa wengi walioshikana mmoja nyuma ya mwenzake kama pete za mkufu, kwa hiyo alijiita "sisi", kama ofisi. Bi Mkufu alikuwa na mashine ya kutengeneza naitrojeni kutoka kwenye hewa iliyoyeyuka majini. Mashine hiyo ilikula chuma kama nini. Ikiwaka, naitrojeni ilimvuja, na mtaa mzima ulikula.

Basi upepo ukagoma. Vumbi halikuja. Chuma kikaisha.

Mashine ya Bi Mkufu ikazimika. Kapungua akapauka. Na Mshipi, yeye balaa lilimkuta pabaya zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaanza kugawanyika. Kwa viumbe wale ndiyo kuzaa: uzi hunakiliwa, kiuno hubanwa, mmoja huwa wawili. Uzi ulikuwa umenakiliwa. Kiuno kilikuwa kimebanwa nusu. Hapo hapo nguvu zikamwishia, akakwama. Hakuwa mmoja, hakuwa wawili. Na aliyekwama hivyo haioni jioni.

Asubuhi hiyo ikapita chembe moja ya vumbi. Moja! Ilikuwa inazama zake, bila habari na mtu.

Mshipi aliiona akajua ikipita imepita. Akachukua nyama yake mwenyewe, ile aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kummalizia mtoto kiuno, akasuka ndoano. Moja pia. Akaitupa. Ndoano ikanasa chuma, barabara kabisa, kama alivyofundishwa. Kilichobaki ni irudi nyumbani.

Haikurudi. Mkondo wa maji hausomi vyeti. Uliibeba ndoano na chuma chake, ukaipeleka moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Kapungua. Kapungua alikuwa amekata milango mingi, huo alikuwa bado hajaukata. Ndoano ikaingia nusu, ikakaa.

"Hiyo yangu," Mshipi akasema.

"Sema tena, dada, sijasikia vizuri. Kilichovuja ni cha nani vile?"

"Sijavuja! Nimetupa! Kuvuja na kutupa ni vitu viwili."

"Labda kwenye uzi wako mrefu. Huku majini ni kitu kimoja."

Mshipi akasonya. Kisha akakumbuka kiuno, akashusha sauti. "Sikiliza, mdogo wangu. Nimeisuka kwa nyama ambayo sina nyingine. Humu ndani kuna mtu. Nipe, tuwe wawili salama. Usiponipa, sumu ya adhuhuri nani ataivunja? Kazi hiyo inataka chuma. Nikifa mimi asubuhi, wewe unanifuata mchana."

"Sisi tunaomba kuchangia," akasema Bi Mkufu.

"Nani kakuzuia?"

"Ndoano hiyo imesukwa kwa kitu gani?"

"Kwa mikono yangu."

"Huna mikono."

Kapungua akacheka mpaka ndoano ikatikisika mlangoni.

"Imesukwa kwa naitrojeni," Bi Mkufu akaendelea. "Naitrojeni ya nani? Mbona kimya? Sisi kama sisi tumeulisha mtaa huu, na hatujawahi kuambiwa hata ahsante. Mkimpa Mshipi chembe hiyo, mtapata mtoto mmoja mwenye njaa. Mkitupa sisi, mashine inawaka, na kesho wote mnakula."

"Kesho!" Mshipi akasema. "Kila mwenye mashine hutuahidi kesho. Ilipokuwa inawaka mlikuwa mnajishibisha wenyewe kwanza, pete moja moja, sisi tunapanga foleni ya matone."

"Matone hayo hayo ndiyo uliyosukia ndoano."

"Mmemaliza?" Kapungua akauliza. "Maana mnasemezana juu ya kichwa changu kama vile mimi ni mlango tu. Haya. Nguvu ya kusuka ulipata wapi, dada? Sukari yangu. Fosforasi ya kulisha uzi wako ulipata wapi? Ile niliyoiacha mimi. Nimejikata ujuzi baada ya ujuzi, nyinyi mnapita mnaniita punguani. Nimebakiza kazi moja, na hiyo nayo inataka chuma. Nikizimika mimi, utakula nini? Utakula uzi?"

"Hakuna aliyekutuma ujikate."

"Na hakuna aliyekutuma ubebe."



Walijaribu shauri la kugawana. Chembe ilikuwa ya kutosha kazi moja: kuumaliza uzazi na kuvunja sumu, au kuwasha mashine, au kupika sukari. Ukiikata vipande, kila mtu anakufa akiwa na kipande chake. Usawa mzuri sana huo.

Jua likapanda. Maji yakaanza kuwasha. Mshipi alisikia upande wa pili wa kiuno chake kitu kikivuta, taratibu, kama anayejaribu mlango uliofungwa kwa nje.

"Dada," Kapungua akamwita, sasa bila kejeli. "Huyo mtoto. Umemnakilia uzi wote?"

"Wote."

"Hukumkatia hata fundo moja?"

"Hata moja."

"Maskini," akasema Kapungua, na haikujulikana anamwambia nani.

Ndoano bado iko nusu ndani, nusu nje. Kapungua anaweza kumeza. Anaweza kuisukuma imrudie Mshipi. Anaweza kuuachia mkondo uipeleke kwa Bi Mkufu. Upande wowote atakaoupa kuna wawili wa kulaumu, na wote wawili watakuwa na hoja.

Nyinyi mnaosikiliza mmeshiba, kwa hiyo mna busara. Atakayesema wamwachie Mungu, amekimbia. Atakayesema Mshipi, ataje sukari ilikuwa ya nani. Atakayesema Kapungua, ataje ndoano ilikuwa ya nani. Atakayesema Bi Mkufu, atueleze kesho ni lini. Na jibuni kabla ya adhuhuri, sumu haingoji kikao.

Je, nani alistahili chembe ile?