Rangi ya Mfalme Mfu

Ndugu zangu, fundi ninayetaka kuwasimulia leo kazi yake ilikuwa ngozi. Si ngozi ya kuwamba ngoma. Ngozi ya watu wadogo. Alikuwa akiletewa visanamu vya zamani vya madini ya risasi, vya mchezo wa mezani, mashujaa na majitu na wachawi, kila kimoja kirefu kama kidole gumba, rangi imeshabanduka. Yeye alivirudishia uhai. Shavu dogo kama punje ya mchele alilipaka tabaka juu ya tabaka, mpaka ungeapa damu inapita mle ndani.

Siku moja akaletewa mfalme mfu, anatoka kaburini na taji lake kichwani. Hapo fundi akakwama. Akipaka kijivu, mfalme anakuwa saruji. Akipaka kijani, chura. Akiongeza nyeupe, unasema mtu kamwagikiwa unga. Anapaka, anafuta, anapaka tena. Chakula kinapoa.

Mkewe alikuwa akishona karibu na dirisha. Adhuhuri moja, jua linachoma mabati, akasema, "Mume wangu, nasikia baridi."

"Baridi, na joto hili? Jifunike kanga." Hakuinua hata kichwa.

Akajifunika. Baadaye akasema, "Mikono yangu naiona kama si yangu."

Ndipo fundi akamtazama. Alimtazama kuliko siku zote za ndoa yao. Mnadhani aliona nini? Aliona rangi! Ile aliyoitafuta, ipo chini ya macho, ipo pembeni mwa midomo.

"Hapo hapo! Usisogee, mke wangu. Tafadhali, usisogee."

Na yule mama, kwa kuwa alimpenda, hakusogea.

Brashi ikakimbia. Mfalme akatoka mfu hasa, hata fundi mwenyewe vinyweleo vikamsimama. Akakigeuzia ukutani kile kisanamu, maana hakupenda kinavyomtazama. Kisha akajicheka.

Hodi mlangoni. Ni shemeji yake, dada wa mkewe. Kabla hajaketi, fundi akamtilia mfalme mkononi. Yule dada akamrudisha mezani upesi, kama aliyeshika kaa la moto.

"Shemeji, rangi hii umeitoa wapi?"

"Kwani vipi?"

"Ndivyo alivyokuwa mama yetu asubuhi ile anatuaga."

Fundi akageuka polepole kuelekea dirishani. Mkewe ameketi vilevile, sindano mkononi, macho wazi.

Walimbeba mbio hadi hospitali. Ningependa kuwaambia alipona. Hakupona.

Sasa, msiseme mtu yule alikuwa kipofu. Aliona! Nani aliona kuliko yeye? Ugonjwa aliuona mpaka akaweza kuuchora. Ila hakuuliza.

Na sisi je? Dada mmoja hapa kanisani amekonda, tunamwambia, "Hongera, umependeza!" Mtoto aliyekuwa akicheka nyumba nzima amekuwa kimya, nasi tunajisifu kwa majirani kwamba siku hizi ana adabu. Tunaona, ndugu zangu. Tunaona, tunachukua kinachotufaa, tunaendelea na kazi zetu. Na Mungu siku ile hatatuuliza kama tulikuwa na macho.

Kwa hiyo leo usitoke kwanza. Mgeukie aliye kando yako. Mwulize, "Unaumwa wapi?" Halafu nyamaza, mpaka akujibu.