Nani Aliinyamazisha Bunduki ya Mlalangulu

Wewe unayetafuna hapo mbele, nijibu kwanza: bunduki ikigonga kama sanduku la masufuria, pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, atakusubiri umalize? Hatakusubiri. Pofu si mkurugenzi, kwamba unapiga kelele miaka minne na yeye hasikii.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, vyeti vikiwa vimeshaanza kutolewa na ajira zikiwa zimeshakwisha, kijiji cha Mlalangulu kilipata maji ya bomba. Watu walicheza mpaka vumbi likawa tope. Wakasema sherehe ya maji hailiwi kwa maharage. Wakaomba kibali cha kuwinda, wakapewa: pofu mmoja, siku tatu. Jua la tatu likizama, kibali kimekufa.

Bunduki ya kijiji ilikuwa moja, kongwe, na ilikuwa na kelele mbili. Kelele ya kwanza ni pete za chuma zilizoshika mkanda wake: kila hatua, kling, kling. Kelele ya pili ni sefti, kile kitufe kinachozuia risasi isitoke kwa bahati mbaya. Ukikifungua tu, tak, utadhani mtu kavunja kuni.

Siku ya kwanza askari mzee wa wanyamapori akatoka nayo. Pete zikalia, pofu wakaondoka. Siku ya pili akazishika pete kwa mkono, akafika karibu, akafungua sefti. Tak. Pofu wakaondoka. Askari naye akaondoka: aliirudisha bunduki ofisini, akastaafu papo hapo.

Jioni hiyo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kapela, akasimama mbele ya watu. "Nafasi ya askari iko wazi. Ni moja. Ina mshahara wa kila mwezi, sare na buti. Atakayeinyamazisha bunduki hii mpaka pofu aanguke, kazi ni yake."

Ajira, jamani. Na tangazo lenyewe halikudai uzoefu wa miaka mitano.

Wakajitokeza watatu. Kalunde, fundi cherehani, mama wa watoto wanne, na cherehani yenyewe ya kuazima. Mihambo, mrina asali, miaka hamsini na nane, hajawahi kushika kazi yenye jina. Na Shilinde, kijana mwenye shahada ya wanyamapori, serious kabisa, ambaye kwa miaka minne alikuwa akipokea barua ileile kutoka ofisi tofauti: we regret to inform you. Aliijua kwa moyo kama sala ya kula.

Mzee Kapela akawatazama. "Nendeni wote watatu."

Kalunde akailaza bunduki mapajani, tupu, haina risasi. Akachana kanga yake, ile ya harusi, akaziviringisha pete, akashona. Akaitikisa. Kimya. Akaitikisa tena. Kimya.

"Mama, umeivalisha utadhani inakwenda ukweni," Mihambo akamtania.

"Na wewe ungepata fundi, mzee wangu, usingetembea na suruali inayopiga miluzi."

Lakini sefti haishonwi. Ukiifunika, haifunguki.

Siku ya tatu wakaingia porini. Wakatafuta asubuhi, wakatafuta mchana, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka walipoliona kundi. Upepo ulikuwa unawapiga usoni. Wakatambaa kwenye nyasi. Pete kimya. Zikabaki hatua mia, kimya. Hatua hamsini, kimya. Mbele yao dume kubwa, shingo kama gunia la mpunga. Shilinde, ambaye ndiye aliyefundishwa kulenga, akaweka kidole gumba kwenye sefti. Mihambo akamshika mkono.

"Subiri, mwanangu. Sikiliza magoti yake."

Maana pofu dume, kama hamjui, magoti yake hulia anapotembea. Tak. Tak. Shilinde alilisoma hilo chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akapata A, na halikuwahi kumjia kwamba lina kazi yoyote duniani.

"Fungua sefti goti lake likilia," Mihambo akanong'ona. "Nitakubonyeza bega."

Basi dume akasimama kula majani. Akala. Akaendelea kula. Na hapo siafu wakaingia kwenye suruali ya Shilinde, kwanza mmoja, kisha ukoo mzima. Kalunde aliwaona wakipanda, akauma kanga aliyojitanda asicheke. Shilinde hakutikisika. Machozi yalitoka, kidole hakikutoka.

Dume akainua mguu. Mihambo akabonyeza bega. Tak ya goti, tak ya sefti, sauti moja. Dume hata sikio hakugeuza. Akatembea kidogo, akasimama ubavu. Risasi moja. Akaanguka.

Shilinde akaifunga sefti, akamkabidhi Mihambo bunduki, kisha akavua suruali na kukimbia akizunguka kichaka. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Kijiji kikala. Ngoma zikalia, supu ikamwagika, hata waliosema hawali nyama walionekana na mifupa. Kisha watatu wakasimama mbele ya kamati ya Mzee Kapela.

Kalunde akasema, "Ulisema kuinyamazisha. Bila kanga yangu tusingemkaribia pofu hata kwa hatua mia tatu. Na harusi sitafunga tena nipate kanga nyingine."

Mihambo akasema, "Mngefika, mama. Mngefika, mkafungua, tak, mkarudi kula maharage. Nani alijua kuificha ile tak ndani ya mguu wa pofu mwenyewe?"

Shilinde akasema, "Shikamooni wazee. Kanga haikuumwa na siafu, na sikio halikuumwa na siafu. Bunduki ilikuwa mikononi mwangu, na siafu walikuwa mahali nisipoweza kupataja mbele ya mama. Ningeguna mara moja tu, mngekuwa mnakula nini?"

Mzee Kapela akakuna kidevu. "Wote mmesema kweli. Kamati itakaa."

Itakaa. Kamati haijawahi kushindwa kukaa.

Haya, ninyi mlioshiba. Wa kwanza alizifunga pete, wa pili aliificha sefti, wa tatu alijinyamazisha mwenyewe. Kazi ni moja. Je, nani alistahili kuvaa zile buti?

Na ninyi wa kamati, msituambie mchakato unaendelea. Please. Chukueni karatasi moja, andikeni jina moja, wekeni sahihi zenu, mbandike mlangoni pa ofisi leo hii, na chini yake mtuandikie kwa nini ni huyo na si wale wawili.