Mgonjwa Aliyeachwa Apumzike

Katika hospitali moja ya wilaya, ndugu zangu, palikuwa na muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Hospitali ile haikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa hiyo kila juma yeye na wenzake walikaa mbele ya kompyuta wakifundishwa na mwalimu aliyekuwa mji wa mbali. Mwalimu alisema jambo lililomshangaza. Mgonjwa mahututi, pumzi na presha zikishatulia, asiachwe amelala tu. Akalishwe ukingoni mwa kitanda, hata kama bado ana mrija wa kupumulia kooni. Misuli isiyotumika huisha upesi.

Muuguzi akaanza na mchoma matofali mmoja, mwanamume wa miraba minne aliyeangushwa na nimonia, naye alikuwa na mrija kooni. Walipomkalisha, jasho lilimtoka, machozi yakamtiririka. Mkewe akamshika muuguzi mkono.

"Sista, mnamtesa! Hamwoni anavyolia? Mwacheni apumzike."

Muuguzi naye ana moyo. Akamlaza. Kesho yake akampita, na kesho kutwa akampita tena. Je, kuna aliyemlaumu? Hakuna. Mke alimshukuru sana.

Kipindi kilichofuata mwalimu akauliza, "Yule mgonjwa wenu anaendeleaje?"

"Tumempumzisha, Mwalimu. Mkewe anamwonea huruma."

"Na wewe?"

Muuguzi akainamisha kichwa. "Hata mimi. Siwezi kumtazama akilia."

"Basi uliyemhurumia ni wewe mwenyewe," mwalimu akasema taratibu. "Kesho mkalishe."

Wakaanza upya, mke amegeukia ukutani asione. Miguu ya mgonjwa ilikuwa imekwisha kunywea, na kazi ikawa ngumu kuliko mwanzo. Hata hivyo alipata nafuu, mrija ukatolewa. Muuguzi akamwinamia, akamwomba radhi kwa maumivu yote aliyomtia. Mgonjwa akajibu kwa sauti ya kukwaruza:

"Kuinuliwa kuliniuma, Sista. Lakini siku zile mlizoniacha ndipo nilipolia kweli. Nilijua mmeshanikatia tamaa."

Sasa niambieni, sisi tumemwacha nani? Kuna ndugu yetu aliyezama kwenye pombe. Kuna dada aliyejifungia ndani tangu afiwe. Tulijaribu mara moja, akalia, akatukasirikia, tukaondoka. Tunaambiana, "Tusimsumbue," na hiyo tunaiita huruma. Je, yeye anaiitaje?

Ukitoka hapa leo, nenda kwake. Atakufokea. Mshike kwapani hivyo hivyo, umwinue.