Nani Ampe Jina Binti wa Semkae

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi. Nina hadithi ya watu, na nina hasira nayo, maana kila nikiisimulia watu hugombana na kuondoka bila kuagana. Basi nisikilizeni kwanza, kugombana kutafuata.

Katika jiji la Dar es Salaam, ambako mtu huamka alfajiri kwa kuiogopa foleni kuliko kumwogopa mwajiri wake, palikuwa na kikundi cha waendesha baiskeli kilichoitwa Kanyaga Twende. Hawakuwa watu wa mashindano wala wa kujipiga picha. Walikuwa mafundi, wachuuzi, walinzi na makarani, na kila asubuhi walitoka Temeke kwenda Kariakoo kwa msafara mmoja. Waliwashawishi majirani nao watoe baiskeli zao uvunguni. "Njooni," walisema, "hamtanusa kwapa la mtu, na mtafika."

Kikundi kilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye hutangulia mbele, na wengine wote hufuata mwendo wake, ili asiachwe mtu. Ya pili, kumtukana dereva ni mwiko. Gari likiziba njia ya baiskeli, watu wote hushuka, hulizunguka na kupiga kengele mpaka liondoke. Hawasemi neno. Kengele za msafara mzima zikilia kwa pamoja, hata mwenye kiburi huitafuta gia.

Katika kikundi hicho kulikuwa na watu watatu wenye vipaji.

Siwema, fundi cherehani, alikuwa na sikio. Alisikia cheni inayotaka kukatika kwenye baiskeli ya mtu wa nyuma kabisa. "Wewe, cheni yako haifiki sokoni," angesema bila kugeuka, na kweli haikufika.

Pazi, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa na miguu. Mlima ambao wenzake waliteremka wakasukuma, yeye aliupanda huku akipiga mluzi. Kama angeachiwa aende mbio zake, msafara ungemwona tena jioni.

Chande, mchuuzi wa nyanya, alikuwa na guta. Msicheke, guta la Chande halikuwa guta kama haya mnayoyajua. Ile baiskeli ya magurudumu matatu aliiunda kwa mikono yake, akaiwekea springi alizotoa kwenye gari bovu, na tenga la mayai lilipita juu ya mashimo yote ya jiji bila yai kupasuka. Hakuna aliyejua namna alivyozifunga zile springi, na yeye hakusema.

Sasa nakuja kwa huyo bwana. Alikuwa na duka la vigae kando ya barabara, jina lake Rajabu Semkae. Njia ya baiskeli ilipita mbele ya duka lake, na yeye aliifanya ua wa nyumbani kwake. Asubuhi gari lake pale, mchana gari la vigae pale, jioni magari ya wateja. Akiambiwa, alicheka. Madereva wengine walipoona hafanywi kitu, nao wakajifunza: foleni ikikaza, unapanda tuta, unaingia njia ya baiskeli, unajiendea. Mtu mmoja akikosa adabu hadharani bila kukemewa, anakuwa mwalimu. Hilo ndilo linalonichoma.

Siku moja Semkae aliingia kwenye njia hiyo kwa kasi, akamgonga Chande. Guta likapinduka, mkono wa Chande ukavunjika, na Semkae akaenda zake. Kesi ikapelekwa, ikarudishwa, ikalala. Chande akakaa nyumbani na hogo la plasta mkononi, na wanawe wakanywa uji asubuhi na jioni.

Hogo lilipotolewa, Chande alirudi kwenye msafara, mkono bado haujanyooka. Kwa kuwa alikuwa na mwendo mdogo kuliko wote, alitangulia mbele na matenga yake ya nyanya. Asubuhi hiyohiyo ya kwanza, wakakuta njia imezibwa.

Ilikuwa foleni ya kutisha. Magari barabarani yalikuwa yamesimama kabisa, na yaliyojifanya majanja yalikuwa yamepandana kwenye njia ya baiskeli hadi yakafungana yenyewe, la mbele haliendi na la nyuma halirudi. Katikati yake lilikuwa gari la Semkae, vioo vyeusi vimefungwa. Chande alilitambua mara moja. Wote walilitambua.

Siwema ndiye aliyeanza kupiga kengele. Wengine wakafuata. Pazi akavunja mwiko, akalipiga boneti kwa kiganja na kupaza sauti: "Toka, muuaji!" Ndani, Semkae akabonyeza kitufe, milango yote ikajifunga. Alidhani wamekuja kulipa kisasi cha Chande. Watu wakazidi kupiga kengele, na nawaambia ukweli, walizipiga kwa raha. Walikuwa wamelingoja gari hilo kwa muda mrefu.

Ghafla Siwema akainua mkono. "Nyamazeni! Kuna mtu analia humu."

"Ni redio," alisema Chande.

"Redio haikwaruzi kiti." Akaweka sikio kwenye kioo cha nyuma. Chini ya kengele zote zile, ambazo yeye mwenyewe alizianzisha, alikuwa amesikia mlio wa mwanamke anayeuma kitambaa ili asipige kelele. "Semkae, fungua! Mkeo ana uchungu!"

Kioo kikashuka kidogo. Kwenye kiti cha nyuma alilala Zawena, mke wa Semkae, jasho linamtiririka. Mimba tatu zilizotangulia zilikuwa zimemwacha mikono mitupu, na wauza vigae wote wa jiji walijua hivyo. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa, nalo lilikuwa limekwama kwenye foleni hiyohiyo, ving'ora vinalia bure.

"Jamani, nisaidieni," alisema Semkae. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijui kubwa aliiacha wapi.

Wote wakaligeukia guta. Baiskeli ya kawaida haimbebi mwanamke aliye katika hali ile. Na hata guta, si kila guta, maana njia ya kwenda hospitali ilikuwa na mashimo ya kumtoa mtu roho.

Chande akashika usukani wake kwa mkono mzima. "Siendi popote," alisema. "Aite wenye magari wenzake."

"Chande, ndugu yangu," alisema Siwema.

"Usiniite ndugu. Mlikuwa wapi wanangu walipolala na njaa? Huyu aliniacha chini kama mzoga. Mwacheni naye aonje."

Na alisema kweli. Ndipo Zawena akainua kichwa. "Kaka yangu," alisema, "mimi sikukugonga. Na huyu aliye tumboni hajui hata kuendesha."

Chande alimtazama. Kisha akashika tenga la kwanza la nyanya, akalimwaga barabarani. Akamwaga la pili, na la tatu, mpaka bodi ya guta ikabaki tupu. Ilikuwa riziki yake yote ya kuanzia upya, na magurudumu ya pikipiki yakaanza kuiponda palepale. Akatandika magunia, akavua shati lake akalifanya mto. "Wewe sijakusamehe," alimwambia Semkae. "Sikia vizuri, mbele ya watu hawa. Sijakusamehe."

Lakini mkono wake usingeweza kumbeba mtu mpaka hospitali, naye alijua. Pazi akarukia kiti cha guta bila kuulizwa.

Hapo ndipo mngemwona Pazi. Alikanyaga mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Wenzake wakatangulia na kengele, wakipasua njia kati ya magari na mikokoteni, na mara hii walipiga kwa kuomba. Walilipita gari la wagonjwa likiwa limesimama, dereva wake katoa kichwa nje ameduwaa. Kwenye mlima wa mwisho, wengine wote waliteremka wakasukuma baiskeli. Pazi hakuteremka. Watu waliotaka kusukuma guta kwa nyuma hawakulifikia. Na Semkae, bwana mwenye njia yake, alifika hospitali amepakiwa kwenye keria ya baiskeli ya Siwema, miguu inaburuza viatu vyake vya ngozi.

Katika safari hiyo, akiwa amelala juu ya magunia, Zawena aliweka nadhiri kwa sauti, na waliokuwa karibu wote waliisikia: "Mungu akinipa mtoto hai, aliyemwokoa ndiye atakayempa jina. Si baba yake, si ukoo. Yeye peke yake."

Mtoto alizaliwa hai. Ni wa kike. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Mkunga alitoka nje akawatazama watu wale waliojaa vumbi, akasema: "Mngechelewa kidogo tu, saa hizi tungekuwa tunazungumza mengine. Na kama angerushwarushwa njiani, pia."

Siku ya saba ikafanywa akika kwa Semkae. Mbuzi alichinjwa, majirani wakajaa, Kanyaga Twende wakaja wote. Shehe akauliza jina. Zawena akasema: "Nina nadhiri. Aliyemwokoa aseme."

Watatu wakasimama.

"Ni mimi," alisema Siwema. "Ningenyamaza, wangempigia kengele mpaka afe. Nataka aitwe Rukia. Rukia ni mdogo wangu, aligongwa kwenye barabara ileile akienda kazini, na aliyemgonga hajulikani mpaka leo. Nataka pawe na Rukia anayepita barabara ile akiwa hai."

"Ulisikia, lakini kengele uliianza wewe," alisema Pazi. "Sikio halipandi mlima. Ni mimi niliyemfikisha. Nataka aitwe Kibibi, jina la mama yangu. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto, na jina lile linakufa nami."

"Wewe ndiye uliyepiga boneti milango ikafungwa," Siwema akamrudishia. "Kama si hasira zako, angefungua mapema."

Chande alisimama mwisho. "Miguu wanayo wengi, na masikio wanayo wengi," alisema. "Guta lile ni moja. Nyanya zile zilikuwa zangu. Na ninyi wawili mlimwokoa mtoto wa mtu tu. Mimi nilimwokoa mtoto wa adui yangu. Aitwe Sikukuona."

Watu wakaguna. Waswahili tunayajua majina ya aina hiyo. Mtu humpa mtoto jina ili jirani alisikie kila siku na ajue limemlenga nani.

"Nikiwa chini, mkono umevunjika," Chande aliendelea, "huyu alishusha kioo akasema neno moja tu: 'Sikukuona.' Akaenda. Basi kila atakapomwita binti yake, aliseme tena. Alifundishwa na nani kutoona? Sasa afundishwe na mtoto."

Semkae akainuka, macho mekundu. "Mpeni yeyote, lakini si huyo! Mtoto ana kosa gani?"

"Wewe nyamaza," alisema Zawena. "Siku ile nilikwambia ufungue mlango, ukaufunga."

Ugomvi ukaanza. Wengine wakasema bila sikio guta lingepita bila kujua kuna mgonjwa. Wengine wakasema bila miguu guta lingebaki pale na nyanya zake au bila nyanya. Wengine wakasema mwenye kusita hana haki, wakajibiwa kwamba aliyesita na kutenda ametenda mara mbili. Wakarushiana maneno mazito, na kesho yake msafara haukutoka. Kikundi kiligawanyika vipande vitatu, kila kimoja na saa yake. Kengele chache hazimtishi mtu, kwa hiyo magari yamerudi kwenye njia ya baiskeli, yamejaa pomoni, na hapo ndipo hasira yangu inaponipanda hadi utosini.

Na mtoto? Mtoto mpaka leo anaitwa "mtoto". Ananyonya, anacheka, hana jina. Mama yake kakataa kuvunja nadhiri, na kakataa kuigawa. Amesema aletewe jina moja, na mtu mmoja wa kulitoa.

Basi msinitazame mimi. Nimekwisha kusema ninayoyajua. Usiniambie wagawane, usiniambie wapige kura, usiniambie yote heri. Chukua mmoja, na uwe tayari kuwaambia wawili usoni kwa nini umewanyima. Na kama unamchukua Chande, kumbuka anayelibeba jina ni mtoto. Na kama unamnyima, nenda ukamwambie wewe mwenyewe, yeye na mkono wake usionyooka, kwamba haki yake haikuonekana.

Haya. Wewe uliyekaa hapo mbele, anza. Ungemwita nani?