Msitu Wenye Masizi

Hapo zamani, katika mji wa Shindamwe, palikuwa na Sultani aliyeitwa Badawi, mtu mwenye huruma nyingi kwa nchi za watu. Alisikia kwamba matajiri wa ng'ambo wanajenga majumba na kukosa boriti za dari, moyo ukamwuma, basi akawauzia mikoko yake. Mwaka wa kwanza zilipakiwa merikebu mbili, mwaka wa pili kumi, na mwaka wa tatu wakaja pia wanunuzi wa milango, wa ngazi na wa vinu, naye Sultani hakumrudisha mtu mikono mitupu. Ikawa kila asubuhi bandari imejaa na msitu umepungua, naye husimama dirishani akanena, "Tazameni nchi yangu inavyosonga mbele." Na kweli ilikuwa ikisonga, gogo kwa gogo, kuelekea baharini.

Msitu ukaisha, barua za wanunuzi zisiishe. Basi Sultani akakumbuka kwamba ziko boriti nyingine nzuri zimekaa bure juu ya vichwa vya raia, hazina kazi ila kushikilia dari. Askari wakapita nyumba hata nyumba, wakazishusha kwa adabu kubwa, wakazirundika bandarini, na kila mwenye nyumba akaambiwa ahsante.

Mmoja wa walioambiwa ahsante alikuwa Shekuwe, seremala ambaye tangu biashara ya mbao istawi hakuwa na ubao wa kuchonga. Maskini wa kutupwa, mali yake yote ilikuwa tezo moja na ulimi. Mkewe Mwanatumu alikuwa amejifungua juzijuzi, na susu ya mtoto ilining'inia kwenye boriti ya chumbani. Askari walimtoa mtoto, wakampa mama yake, wakaondoka na boriti. Na masika yalikuwa yamekaribia.

"Baba Fulani," Mwanatumu akasema, maana mtoto hata jina alikuwa hajapewa, naye akatazama mbingu mahali palipokuwa na dari, "mvua ya kwanza ikimkuta mwanangu hapa, sitakusamehe wewe wala huyo Sultani wako."

"Wangu tangu lini, mke wangu?" Shekuwe akajibu. Lakini neno lile lilimchoma, asile wala asinywe siku ile.

Basi ikaja barua kutoka kwa mnunuzi mkubwa kuliko wote, Tajiri Mirza. Watu wa nchi yake, walipokwisha kuimaliza misitu yao, walikuwa wameanza kuionea huruma misitu ya wenzao. Aliandika hivi: "Nitanunua boriti zote zilizo bandarini, ila kwanza niuone kwa macho yangu msitu zilikotoka, uwe ungali umesimama. Nitafika baada ya siku saba."

Sultani akamwita Waziri wake. Waziri akamnong'oneza, "Bwana wangu, yuko seremala mmoja hujigamba barazani kwamba serikali yako haishindwi na jambo. Nadhani hukejeli. Mtwike yeye."

Shekuwe akaletwa. Sultani akanena, "Ewe Shekuwe, nataka msitu uwe umesimama ufukweni kwa siku saba. Usiposimama, ni kichwa chako."

"Labeka, Bwana wangu. Jambo dogo. Nipe mbegu tu."

"Mbegu gani?"

"Boriti zilizo bandarini. Tuzichomeke matopeni, tuzifunge makuti kileleni. Mgeni akishaondoka kwenda kuandika mkataba, utazing'oa umwuzie."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Hakika una akili. Lakini wewe ndiwe utakayemtembeza mgeni, nami nitamwambia kwamba u Mkuu wa Misitu. Kila akuulizalo ulijibu, na akikukamata na uongo hata mmoja, kichwa hicho hukirudishi nyumbani."

"Hatanikamata, Bwana wangu," Shekuwe akasema, akainama kwa taadhima.

Basi mji mzima ukabeba boriti. Watu walinung'unika kwamba wameibiwa na sasa wanatumwa kubeba walichoibiwa, lakini Shekuwe akawaambia, "Kila mtu atafute za kwake, azipande mwenyewe, na asifute alama yoyote." Waziri alipopita akashangaa, akauliza, "Mikoko ina makuti?" Shekuwe akamjibu, "Yake tumekwisha kuyakata, Bwana Waziri. Haya tumeyaazima."

Siku ya saba, maji yalipokupwa, Tajiri Mirza akashuka na raia wote wakaja kutazama. Akauona msitu kwa mbali, akausifu. Kisha akavua viatu, akaingia ndani yake, jambo ambalo Sultani hakulitarajia, kwani wanunuzi wa zamani hawakuwa wakichafua miguu.

"Ee Mkuu wa Misitu," akamwambia Shekuwe, "mti huu mbona una masizi?"

"Umekulia jikoni kwa Bi Rukaya, Bwana. Miaka thelathini ya moshi wa kuni."

Sultani akakohoa. Mgeni akaenda mbele.

"Na huu wenye ndoano ya chuma?"

"Huo ni wa chumbani kwangu. Palining'inia susu ya mwanangu."

"Nani aliyeupanda?"

"Mimi, Bwana. Juzi, baada ya swala ya alasiri."

"Na unakua?"

"Unakua sana, ila kwenda chini. Kila maji yakijaa huzama kidogo."

Tajiri Mirza akauegemea mti wa Bi Rukaya acheke vizuri, mti ukaanguka, ukaangusha jirani zake sita. Alipokwisha kujipangusa tope hakucheka tena. Akamgeukia Sultani, akanena mbele ya watu wote, "Nilitaka kuuona msitu zilikotoka boriti, nami nimeuona. Zimetoka juu ya vichwa vya watoto. Mimi sinunui." Akachukua viatu vyake mkononi, akarudi merikebuni.

Sultani akamwambia Shekuwe, "Nilikwambia asikukamate na uongo."

"Amenikamata na upi, Bwana wangu?"

Sultani akafikiri, asiupate hata mmoja. Akawatazama raia, walikuwa wengi kuliko askari, na kila mmoja amesimama kando ya mti wake, ameushika. Basi akacheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyemeza mwiba wa samaki, akanena, "Ulikuwa mzaha wangu wa kumkaribisha mgeni! Kila mtu na achukue chake."

Bi Rukaya hakungoja arudiwe neno. Akaujua mti wake kwa masizi, akautwaa. Shekuwe akabeba wa kwake begani, akaurudisha mahali pake, na mwanawe akalala katika susu akiwa na dari juu yake. Naye Sultani, ili aonekane mkarimu, akampa Shekuwe cheo cha Mkuu wa Misitu, na Shekuwe akaenda ufukweni kupanda mikoko ya kweli, ile ambayo haisimami kwa siku saba.

Mvua ikaanza siku ya tatu baada ya hayo. Nami hekaya yangu naiacha papo hapo ilipoanza kunyesha. Mwenye dari na aingie ndani.